Mwana wa Siku ya Kuandikishwa

Nilipopigiwa simu kwamba Mzee Omari amefariki, nilikuwa nafungua duka langu la mafuta ya alizeti pale Singida Mjini, na jambo la kwanza nililofanya ni kumaliza kufungua duka. Sikukaa chini wala sikushika kichwa. Aliyepiga alikuwa Jumanne, mwanawe, mzee mwenzangu wa magoti mabovu. "Dada Zuhura, mzee ametuacha," akasema. "Wewe ni mtoto wa nyumba hii, usikose." Nilimpa pole kama inavyotakiwa, nikakata simu, nikamwuzia mteja wa kwanza lita zake, na maneno yale yakawa yananizunguka kichwani kama nzi. Mtoto wa nyumba hii! Nyumba ambamo nilitolewa nikiwa na kanga moja na shavu limevimba. Binti yangu aliponiuliza kama nitakwenda nikamwambia nitakwenda, msiba hauna mwaliko. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka kuhakikisha kwa macho yangu kuwa amekufa.

Habari za ukoo wetu sitaziandika hapa, zinachosha na hazimsaidii mtu. Inatosha kusema kwamba mwaka ule wa vita vya Kagera mimi na kaka yangu Ntandu hatukuwa na baba wala mama, na tuliishi kwa Mzee Omari upande wa Ikungi. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mtu mwenye ng'ombe wengi na watoto wachache, akatuchukua, na watu wakamsifu kwa huruma yake. Huruma yenyewe ilikuwa hivi: Ntandu alichunga tangu alfajiri mpaka jua linazama, na mimi nilitwanga, nilipika, nilichota maji na kufagia samadi. Nyumba ilikuwa tembe la zamani, paa bapa la udongo ambalo juu yake tulianika majani ya mlenda, na ndani mlikuwa na giza hata saa sita mchana. Chumba cha mbele kilikuwa na kidirisha, kitanda cha kamba na redio, na hicho kilikuwa cha Jumanne. Chumba cha ndama kilikuwa nyuma ya jiko, na humo ndimo alimolala Ntandu, juu ya ngozi, ndama wakimpumulia usoni. Mpaka leo nikisikia harufu ya mkojo wa ndama nashikwa na hasira kabla sijajua kwa nini.

Chakula kilikuwa na safu zake. Mzee Omari na Jumanne walikula kwanza, kwenye vigoda, ugali wa uwele na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Kisha Mama Jumanne, ambaye hakuwa mbaya, alikuwa mwoga tu, na uoga wa mtu mzima katika nyumba ya mkatili una madhara yake. Mwisho mimi na Ntandu, kwenye mafiga, ugali na mlenda, na maziwa kama yamebaki. Ntandu ndiye aliyeyakamua. Nilimwambia siku moja anywe kule kule zizini kabla hajaleta, nani atajua? Akanicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, mrefu, mwenye meno yaliyopishana, na alikuwa na tabia moja iliyomkera kila mtu pale nyumbani. Hakuweza kusikia ng'ombe analia akabaki amekaa. Ng'ombe akilia usiku kwa sababu ndama wake ametengwa na ziwa limemjaa, Ntandu ataacha tonge mkononi aende. Mama Jumanne alikuwa akimwambia, "Kaa ule, wee mtoto. Ng'ombe hafi kwa kulia." Naye alijibu, "Hafi mama, lakini anaumwa. Ziwa likijaa linachoma kama jipu." Akirudi ugali umeshapoa, anaula hivyo hivyo.

Mzee Omari alikuwa balozi wa nyumba kumi, na vita vilipoanza yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba vijana wanatakiwa. Alitangaza vizuri sana, kwa sauti ya kiume. Kila kaya yenye vijana itoe mmoja. Alimtoa mtoto wa jirani yetu mjane, akamtoa kijana aliyekuwa ameoa juzi, na hakuna aliyethubutu kusema neno kwa sababu nchi ilikuwa imevamiwa kweli na kila mtu alikuwa na uchungu. Kisha zamu ikafika kwake. Nilikuwa jikoni nachambua mlenda niliposikia Mama Jumanne akisema upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ya chini, "Kwetu atakwenda nani?" Mzee akajibu kwamba Jumanne ana kifua. "Kifua gani?" akauliza mama. "Jumanne hajawahi kukohoa." "Nimesema ana kifua," akasema mzee, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kesho yake, mbele ya ofisi ya kijiji, kijiji kizima kimekusanyika na wakubwa wa jeshi wamekaa mezani, Mzee Omari alimshika Ntandu begani akasema, "Huyu ni mwanangu. Nyumba yangu imemtoa." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma na ndoo kichwani, na niliona uso wa kaka yangu. Hilo ndilo ambalo sijaweza kulimeza miaka yote hii: alifurahi. Miaka yote aliyolala na ndama hakuna aliyewahi kumwita hivyo, akaitwa siku ile kwa sababu ya kupelekwa mahali pa kufa, naye akasimama pale meno yote nje. Jioni alichinjiwa kuku, na Mzee Omari akampa firigisi, ambayo katika nyumba ile hakuna mwingine aliyewahi kuila ila mwenye nyumba. Ntandu aliitafuna polepole. Baadaye jikoni akaniambia, "Zuhura, umesikia mzee alivyoniita?" Nikamwambia nimesikia. "Na buti wanatoa," akasema, "buti kabisa, za ngozi." Nikamwambia ni mjinga. Akacheka, akanionyesha ng'ombe gani hapendi kukamuliwa upande wa kushoto, na gani lazima uanze kwa kumkuna shingo, akaondoka asubuhi na lori.

Kifua cha Jumanne kikapelekwa Singida Mjini kwa mjomba wake, eti kutibiwa. Ng'ombe nikachunga mimi, pamoja na kazi zote nyingine. Kisimani wanawake hawakuwa wajinga. Walisema wakati nasubiri zamu, bila kuniangalia, "Kifua cha nyumba ya balozi ni cha ajabu. Kinauma kukiwa na mgambo, kinapona kukiwa na harusi." Wengine wanacheka, yule mjane hacheki. Maneno ya kisimani hayakai kisimani, na Mzee Omari yalimfikia. Alianza kuwa mkali kwa kila kitu, maji yamechelewa, chumvi imezidi, na wakati ule chumvi yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Usiku aliweka redio karibu na sikio, akisikia tumesonga mbele anasema kwa nguvu, ili majirani wasikie, "Mwanangu yuko huko!" Nilikuwa nasaga uwele, naendelea kusaga.

Vita vilipokwisha Jumanne akarudi, kifua kizima. Mtama ulikuwa umeshavunwa. Wiki hizo vijana walianza kurejea mmoja mmoja, wengine wamenenepa, wengine hawasemi, na mimi kila lori likipita nilikuwa nakimbilia barabarani. Ntandu hakushuka kwenye lori lolote. Aliyekuja ni kijana mmoja Mnyiramba, anaitwa Mkumbo, mtu wa Iguguno, alikuwa anakwenda kwao akapitia kwetu makusudi. Alisimama uani na mfuko wake, akasema, "Shikamoo mzee," na kwa namna alivyoisema tu nilijua. Mzee akamkaribisha chumba cha mbele. Jumanne alikuwa amekaa kitandani, redio mapajani. Mimi niliambiwa nichemshe chai, nikachemsha nimeegemea ukuta ule ule, na kila neno nililisikia.

"Tulikuwa kwenye mahandaki, ng'ambo ya mpaka, pembeni mwa kijiji," alisema Mkumbo. "Wenyewe wamekimbia. Ng'ombe wamewaacha zizini, wamefungiwa kwa miiba, na ndama wako zizi lingine. Wakalia, mzee. Walilia mchana, wakalia usiku kucha. Sisi tuliziba masikio. Ntandu hakula. Akaniambia, Mkumbo, wale maziwa yamewajaa, wanaungua. Nikamwambia waache waungue, ukitoka hapa utaungua wewe. Asubuhi akaniachia bunduki yake."

"Aliacha bunduki?" akauliza Mzee Omari.

"Aliniachia mimi. Alisema ukiwaendea na chuma wataogopa. Akaenda ameinama mpaka zizini, akatoa miiba, akachuchumaa akaanza kukamua. Anakamua chini, mzee. Mchangani. Hana hata chombo. Wa kwanza akanyamaza, akahamia wa pili. Hapo ikatoka risasi migombani. Moja tu. Mimi nilimwona alivyoegemea ng'ombe, ng'ombe hakukimbia." Nikasikia kikombe kinawekwa chini. "Tulimzika kule kule. Nilisema nisipokuja kuwaambia mimi, mtaletewa karatasi tu."

Nilitegemea kusikia mtu akilia. Nilimsikia Mzee Omari akiuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayehesabu mbuzi, "Kwa hiyo aliacha lindo lake."

"Aliacha, mzee, lakini..."

"Akafungua zizi la watu."

"Alifungua, ila alikuwa anakamua, nimekwambia, anamwaga chini."

"Kunywa chai, baba," akasema Mzee Omari. "Umetoka mbali. Kunywa chai."

Nimekaa na mazungumzo yale maisha yangu yote, na nimeshayageuza kila upande. Wengine wameniambia kwamba mzee alipata mshtuko, kwamba hakuelewa. Alielewa kuliko mtu yeyote. Alikuwa mfugaji, alijua ziwa lililojaa ni nini, na alijua hakuna mwizi wa ng'ombe duniani anayekaa chini kuwakamua. Lakini aliwajua pia wanawake wa kisimani. Ntandu akiwa shujaa, kila atakayekuja kutoa pole atamtazama Jumanne na kitanda chake na redio yake, ajiulize. Mwizi haulizwi alikwenda badala ya nani. Na nikishamaliza kumlaumu mzee huwa namgeukia Ntandu mwenyewe, kwa sababu na yeye nina ugomvi naye. Ulivuka mito na mabwawa na mizinga ya adui, ukaja kufa kwa ajili ya ng'ombe wa watu, kama ulivyoishi! Ungewaacha walie. Nimewahi kumwambia hivyo kwa sauti, nikiwa peke yangu dukani, na nikalia kwa hasira mpaka mteja akaishia mlangoni, akageuza.

Kesho yake asubuhi wanawake walikuja. Habari ya kifo haifichiki, walijua kijana wa balozi amekufa vitani, wakaja kama tunavyofanya, kila mmoja na ungo wake wa unga, kanga viunoni, tayari kukaa chini na kuweka tanga. Yule mjane alikuwa mbele. Mzee Omari alisimama mlangoni akawazuia. Akasema kwamba habari kamili ameipata, kwamba Ntandu aliacha lindo, akaenda kuiba ng'ombe wa wananchi waliotukaribisha kwao, akapigwa risasi zizini. "Nyumba yangu haiweki tanga la mwizi," akasema. "Na hakuwa mwanangu. Alikuwa mchungaji." Mama Jumanne alikuwa nyuma yake, amejifunika mdomo kwa kanga. Jumanne aliangalia miguu yake. Mimi nikapita katikati yao nikapiga kelele, "Mwongo! Alikuwa anakamua! Mkumbo amesema alikuwa anakamua!" Kofi alilonipiga lilinipeleka mpaka kwenye ungo wa mjane, unga ukamwagika. Akaniambia nisilale tena kwake, niende nikaishi na wezi wenzangu. Wanawake waliokota nyungo zao, wakarudi na unga wao. Mkumbo alikuwa ameshaondoka na lori la alfajiri, na mimi nilikuwa msichana asiye na mtu. Nani angeniamini mbele ya balozi? Mjane alinilaza kwake siku chache, kisha nikaenda mjini. Kaka yangu hakuwekewa tanga, hakusomewa dua, na kwa miaka mingi kijiji kile mtoto akimuibia mwenzake aliambiwa, "Utakufa kama Ntandu."

Basi ndio maana nilikwenda msibani. Mambo yamebadilika, pale palipokuwa na tembe sasa pana nyumba ya bati jekundu, turubai, viti vya plastiki, kipaza sauti na kijana wa kupiga video. Nilikaa upande wa wanawake. Mjukuu mmoja wa mzee, kijana msafi anayeishi mjini, akasimama kusoma historia ya marehemu. Alisoma ubalozi, akasoma msikiti aliouchangia, na kisha akasoma kwa sauti iliyopanda: "Katika vita vya Kagera marehemu alimtoa mwanawe mpendwa, Ntandu, ambaye alikufa shujaa akiitetea nchi." Watu wakaguna kwa huzuni. Sikumlaumu yule kijana, aliandikiwa. Siku hizi mashujaa wanakumbukwa, wanawekewa mashada, na familia yenye shujaa inakaa viti vya mbele. Nikamtazama Jumanne kwenye kiti chake cha mbele. Alikuwa anaangalia miguu yake, kama siku ile.

Kisha shehe akachukua kipaza sauti. Jeneza lilikuwa tayari, vijana wamejipanga kulinyanyua, na alisema lile linalosemwa kila msiba: kwamba marehemu alikuwa binadamu, alikaa na watu, na kama kuna anayemdai ajitokeze sasa, awaone warithi walipe au amsamehe. Huwa kunakuwa kimya, shehe anashukuru, watu wananyanyua. Nikasimama. Magoti yaliuma, nikashika bega la mama aliyekaa mbele yangu.

"Mimi namdai," nikasema.

Vichwa vyote vikageuka. Jumanne akainuka haraka, mkono kifuani, akasema kwa upole, "Dada Zuhura, tumekusikia. Tutaonana baada ya mazishi, hilo litakwisha."

"Hapana. Simdai shilingi. Mzee Omari alisimama hapa mlangoni akawaambia watu kwamba kaka yangu alikufa akiiba ng'ombe. Leo mmesoma kwenye kipaza sauti kwamba alikuwa mwanawe na shujaa. Nataka mrithi wake aseme mbele ya watu hawa hawa. Vitani ilikuwa zamu ya nani, na Ntandu alikufa akifanya nini."

Kijana mmoja akasema, "Jamani, mkalisheni bibi." Wengine wakaanza kunong'ona, eti huu si wakati wake. Lakini kizee mmoja nyuma yangu, ambaye sikuwa nimemtambua, akapaza sauti, "Mwacheni! Sisi tulirudishwa hapa na unga wetu. Mimi ungo ulikuwa kichwani." Shehe akamtazama Jumanne. "Mzee Jumanne," akasema, "deni ni deni. Jibu."

Kijana mmoja akamletea kipaza sauti. Akakisukuma pembeni, na hapo nikajua atasema kweli, kwa sauti yake mwenyewe.

"Zamu ilikuwa yangu," akasema. "Kifua changu hakikuwa na kitu. Huyo askari alipokuja kutueleza nilikuwa nimekaa chumba kile kile. Alisema Ntandu alikuwa anakamua, anamwaga chini. Baba alisikia. Mimi nilisikia." Akafuta uso kwa kanzu yake. "Hakuwa mwizi. Baba alisema uongo, na mimi nikanyamaza mpaka leo."

Mjukuu aliyesoma historia alikuwa bado ameshika karatasi yake. Shehe akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona mlango wa kutokea. "Mama, umesikia kwa masikio yako. Alhamdulillahi. Je, umemsamehe marehemu?"

Wote walikuwa wananingoja. Ni neno dogo, kila mtu hulisema, na vijana walikuwa wameshainama kushika jeneza.

"Nimelipwa," nikasema.

"Sikuuliza hilo, mama. Umemsamehe?"

Nikafunga kanga yangu kiunoni, nikaliangalia lile jeneza.

"Mzikeni, shehe," nikasema. "Jua linazidi kuwa kali."